Leza ya Mwalimu Des

Tangu astaafu, Mwalimu Des Trevaskis alikuwa akiwaonyesha majirani zake wa Dubbo, Australia, nyota kwa tochi ya leza, wakifuata mwali wake wa kijani. Jioni moja akaja polisi Leanne, aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, nipe hiyo. Sheria imezikataza tochi hizi. Juzi rubani wa ndege ya wagonjwa kamulikwa, katua haoni vizuri."

"Mimi namulika nyota tu."

"Na ndege hupita wapi, Mwalimu? Chini ya kitanda?"

Majirani walicheka. Des akampa tochi.

Kisha akanyoosha kidole angani. "Ile pale, nyekundu."

"Ipi, Des? Zimejaa!"

Akakishika kichwa cha jirani mmoja, akakigeuza taratibu. Wengine walingoja zamu yao mpaka baridi ikawashinda, wakaaga.