Mguu Uliozikwa Katonga

Mguu wa kulia wa baba yangu umezikwa Katonga, karibu na ufuko wa ziwa. Ulikatwa baada ya boti kumbana gatini. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, kwa hiyo baba mdogo aliuvisha kipande cha sanda, akauzika kwenye kiwanja chetu cha kule, nyuma ya michikichi, na kuchomeka fimbo juu yake. Alikuwa na uhakika na ziwa. Tangu utoto wake maji hayakuwahi kufika kwenye ile michikichi.

Baba alikuwa akipata malipo ya ulemavu. Kisha watu wa mafao wakasema lazima ahakikiwe upya, daktari aje athibitishe kama bado ni mlemavu. Nilicheka kwa hasira. Kwani mguu unaota tena kama mchicha? Malipo yakasimamishwa. Mguu wake wa bandia ulikuwa umechakaa, unamchubua mpaka damu, na mpya hautolewi bila uhakiki. Akaacha kwenda msikitini, jambo lililomuumiza kuliko kidonda chenyewe. Kila nikipiga simu naambiwa, "Subirini, mtapigiwa."

Masika yakaja, ziwa likapanda. Sisi tunakaa Buzebazeba, na baba alikuwa hatoki nje ya ua. Asubuhi moja ya jua kali akaniita.

"Mwana wanje, mwanangu, niletee taulo. Mguu umelowa."

"Mguu upi, baba?"

"Ule."

Nikamwambia aache masihara, nina nguo za kufua. Kesho yake akasema maji yamefika gotini. Hapo uvumilivu ukanishinda, nikapanda bodaboda mpaka Katonga nikahakikishe ili anyamaze.

Maji yalikuwa yameshaipita michikichi. Ile fimbo ilibaki ncha tu, inatikisika polepole, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mchana. Nikarudi nyumbani. Baba aliitazama kanga yangu iliyolowa upindo.

"Umeona," akasema.

Daktari alikuja kiangazi, tulipokuwa tumeshakata tamaa. Kijana mpole, mgeni wa mkoa.

"Shikamoo mzee. Kuna mabadiliko yoyote kwenye mguu?"

"Marahaba. Yapo. Zamani ulikuwa umelala. Sasa unatembea."

Daktari alinitupia jicho, akatabasamu, akaandika kwamba hakuna mabadiliko. Nikamuuliza mguu mpya unatoka lini.

"Mpaka majibu yarudi kutoka makao makuu. Subirini, mtapigiwa."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nafoka peke yangu. Baba alikuwa amekaa uani, amenyoosha mguu wa kushoto, ule mzima, kwenye jua la saa saba.

"Nishikie huu," akasema taratibu. "Nao umeanza kulowa."

Nikaupapasa kuanzia gotini mpaka kwenye vidole. Ulikuwa mkavu kabisa, na wa baridi kama maji ya ziwa. Mkono mmoja ukiwa bado umeushika, kwa mwingine nikatoa simu nikawapigia watu wa mafao palepale.

Iliita mpaka ikakatika.