Mshona Kola

Jirani yangu wa mlango wa pili anakusalimia akikutazama shingoni. Si dharau. Huu ni mwaka wa tisa anashona kola kiwandani, kola tupu, mia nne kwa siku, na shati zima hajawahi kulishona. Marehemu mama yake alikuwa fundi wa barazani: alipima, akakata, akashona, na kesho yake mwenye shati akapita amelivaa. "Mama alimjua mteja mpaka kitambi chake," huniambia, vidole vikisugua pindo la chochote kilicho karibu. "Mimi kola zangu zinaingia kwenye maboksi, ndiyo tumeagana." Kwa hiyo kila kola huimalizia kwa mishono mitatu ya kurudi nyuma, ingawa msimamizi anataka miwili.

Jana tulikuwa kwenye foleni ya mkate, mara akanifinya mkono. Mbele yetu alisimama mwanamume tusiyemjua. "Kaka, samahani, usigeuke," akasema, na kola alikwisha kuipindua. Akahesabu kwa ukucha: mmoja, miwili, mitatu. Sauti yake, ya chini siku zote, ikapaa mpaka muuza mkate akaacha kukata. "Hii yangu! Jamani, hii nimeshona mimi!" Foleni nzima ikaja kuona. Yule kaka akacheka, akanyoosha mikono kama anayepimwa. "Na mikono ya shati je, dada, nayo yako?"

"Ya mwenzangu wa meza ya nne," akasema, tayari anaivuta kuangalia urefu. "Kesho nikifika tu namwambia nimeiona, na imekukaa."