Dada Alipokuwa Mchumba wa Watu

Sisi tuliokulia Igogo kabla simu hazijaanza kukaa mifukoni, neno mchumba tulilitaja kwa adabu. Halikuwa neno la kutupwa ovyo. Mchumba alikuwa binti ambaye wazee wa upande wa pili wamekuja kwao, wamekaa sebuleni na wazee wenzao, wamekula, wameongea mpaka wakaelewana. Kesho yake mtaa mzima unamwita mchumba wa watu.

Dada yangu mkubwa, Perpetua, alipochumbiwa, mimi nilikuwa bado nacheza rede na kombolela kule kwenye mawe, narudi nyumbani nanuka dagaa walioanikwa. Aliyemchumbia alikuwa kijana wa kiwandani Nyakato, mpole. Jamani, tulivyofurahi! Ghafla Dada akawa mtu wa heshima. Sokoni Mirongo hatumwi tena peke yake, lazima nimsindikize. Wakwe zake wakipita njia ya kwetu, anajitanda kanga na kuingia ndani haraka, maana mchumba haonekanionekani mbele ya wakwe. Mimi nilifaidi, maana majirani walimpa michembe ya viazi na karanga, na nusu ilikuwa yangu. Mama akinikuta nimemng'ang'ania alifoka, "Hebu mwache, huyo ni mchumba wa watu, utamchosha!"

Basi yule kijana akapata kazi migodini. Akaaga kwamba akishajipanga atarudi wafunge ndoa. Mwanzoni salamu zilikuja, baadaye zikakatika. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha tena. Wenzake Dada wakaolewa, wakawa wanakuja kututembelea na watoto mgongoni, na yeye yupo tu, si mke wa mtu, si binti wa kuposwa. Umri wake ulikuwa unakwenda na kila mtu aliliona hilo.

Ndipo mwalimu mmoja wa Sengerema akaleta wazee wake. Alikuwa mtu mstaarabu kweli, anaongea taratibu. Baba aliwakaribisha vizuri, akawalisha ugali wa udaga na sato, wakanawa mikono, kisha akawaambia, "Ndugu zangu, mmechelewa. Huyu ni mchumba wa watu. Mpaka wenyewe waje waseme wamemwacha." Wageni wakashukuru, wakaondoka. Tulimsifu sana Baba, mtu asiyegeuza neno lake. Dada alikusanya vyombo akaenda kuviosha.

Wenyewe walikuja, ndiyo, lakini walikuja kuomba radhi. Kumbe kijana wao alishaoa huko huko migodini, ana watoto. Wakati huo mwalimu naye alishapata mke zamani, na hakuna mwingine aliyebisha hodi. Dada hakuolewa. Watoto wetu wote amewalea yeye.

Pasaka hii tulikusanyika nyumbani kwake. Binti yangu Neema akaingia na kijana mmoja, suruali imechanika magotini kwa makusudi, eti, "Mama, shikamoo, huyu ni mchumba wangu." Wa tatu huyo kati ya ninaowajua mimi! Wamejuana kwenye simu, wazee wake hatuwajui hata kwa sura. Kijana alipotoka kwenda kununua soda, mdomo wangu ukashindwa kutulia. Nikasema enzi zetu mchumba alikuwa na uzito, alikuwa na watu nyuma yake, siku hizi ukimpa mtu vocha mara mbili tayari mmechumbiana. Nikamtaja na Baba, jinsi alivyolishika neno lake. Ndugu zangu wakacheka wakaitikia, kweli, kweli kabisa. Naikumbuka adabu ile mpaka leo, na sitaki kusema uongo, naitamani.

Dada alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Huyu akimchoka mtu anaondoka mwenyewe. Mimi yule mwalimu nilimtaka."

Sote tulijua anamsema mwalimu gani, na hakuwahi kulisema hilo maisha yake yote.

"Nilimtaka sana," akarudia, bila hasira, akachukua ndizi nyingine.

Baba yuko kaburini siku nyingi sasa. Neema ndiye aliyeinuka, akapiga magoti pale chini kwenye maganda, akamkumbatia mama yake mkubwa. Sisi wa enzi zetu tulibaki tumekaa, tumeshika sahani.