Miwani ya Mama Pasi

Tusimpambe mtu: aliiba. Mama Pasi, ambaye akiazima ndoo kwa jirani huirudisha imesuguliwa, aliingia supamaketi mchana kweupe akatoka na miwani ya kusomea ndani ya mtandio. Karatasi ya bei ilikuwa inaning'inia sikioni. Mwizi gani huyo jamani? Hata wizi wenyewe hakuujua.

Kisa ni mashuka. Miaka tisa alikuwa kibarua kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akisimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke mpaka watu wakasahau jina lake halisi. Uaminifu wake ulijulikana. Wagonjwa husahau vitu vitandani: saa, pete, miwani, hata meno ya bandia. Wenzake waliweza kukaa na kitu wiki nzima. Yeye alikipeleka ofisini kabla pasi haijapoa. Cha mtu ni cha mtu, alisema, na hakutaka hata kukitazama mara mbili.

Sasa kila shuka lina alama ndogo ya uzi pembeni, inayotaja wadi yake. La upasuaji haliendi kwa watoto. Macho ya Mama Pasi yalipoanza kukataa vitu vya karibu, akawa anazipapasa zile alama kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Akachanganya mara mbili. Msimamizi akamwita pembeni.

"Mama, jina lako limo kwenye ajira za kudumu mwezi ujao. Ukichanganya tena nalikata mwenyewe."

Ajira ya kudumu! Matibabu ya mumewe mgonjwa wa sukari, likizo, kiinua mgongo cha uzeeni. Angethubutu vipi kusema haoni? Wangempima, wangesema hafai, wangemchukua msichana mwenye macho mapya. Na hela ya kununulia miwani hakuwa nayo. Basi akafanya alichofanya. Mlinzi wa duka akamdaka mlangoni, polisi wakamchukua alama za vidole, wakamwachia kwa dhamana.

Hapo ndipo akajitokeza shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu huchapa barua za watu nje ya mahakama. Ana meza, mwavuli, taipureta, na ujuaji usio na kifuniko.

"Shemeji, nisikilize mimi. Ukikana, utapigwa tarehe mwaka mzima, na kila tarehe unakosa kazi. Kazini watauliza. Ukikubali, ni dakika tano! Faini, halafu huyoo, unarudi kwenye pasi yako. Nani atajua?"

"Una hakika, shemeji?"

"Mimi si ndiyo nakula hapa mahakamani?"

Kula anakula, tena kwenye benchi la nje. Ndani hajawahi kukanyaga. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mtegemea ushauri wa shemeji sijui hufa vipi.

Hakimu alimwuliza mara mbili kama ameelewa shtaka. "Ni kweli, mheshimiwa," alisema. "Naomba tu nirudi kazini." Akatiwa hatiani, akatozwa faini, na kweli zilikuwa dakika tano. Alipotoka alipishana mlangoni na yule mlinzi wa duka, anahema, barua mkononi. Meneja alikuwa amesamehe. Alikuwa anaiondoa kesi.

Karani aliisoma, akamrudishia. "Mmechelewa. Mama ameshakiri. Hii sasa kafungieni karanga."

"Na ningekana?" aliuliza Mama Pasi.

"Ungekana, sasa hivi ungekuwa unaenda nyumbani huna doa."

Shemeji alikunja mwavuli wake. "Bahati mbaya tu, shemeji. Ila dakika tano nilisema, sikusema?" Mungu amsamehe. Mimi bado.

Fomu ya ajira ilikuja na herufi ndogo kama chawa. Alimwomba msimamizi amsomee. Jina, umri, watoto.

"'Umewahi kutiwa hatiani mahakamani?' Hii naandika hapana."

"Andika ndiyo," Mama Pasi alisema. "Vidole vyangu viko polisi. Wataviona."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Kwa kosa gani, mama?"

"Miwani. Niliiba miwani, nisome alama."

Msimamizi akavuta droo ya chini. Ilikuwa imejaa miwani, ya kila aina, mingine miguu imefungwa uzi. "Wenyewe hawarudi," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu anayetaka kulia. "Nasubiri kuitupa. Ungeomba moja tu, mama! Nusu ya hii umeileta wewe."

Fomu ilirudi na jibu: aliyetiwa hatiani haajiriwi, hata kibarua. Siku ya Ijumaa, siku yake ya mwisho, alikunjua shuka la wadi ya wazee, kidole gumba kikagusa kitu kigumu. Ilikuwa miwani. Hakuijaribu. Aliifuta kwa upindo wa khanga, akaipeleka ofisini, kisha akaenda zake.