Siku Niliyowanywesha Kahawa Watu wa Kisiwa cha Norwe

Mke wangu alinitoa kwetu Ibra, Omani, kwa amri moja tu: nende Norwe nikamrudishe binti yetu nyumbani.

Binti yetu nesi. Kapata kazi kwenye kisiwa kidogo huko juu, pale dunia inapokaribia kwisha, kisiwa chenye baladiya yake, yaani halmashauri, skuli yake, duka moja, na kondoo wengi kuliko watu. Yuko peke yake, hana jamaa hata wa dawa. Mama yake roho juu. "Mtoto akishikwa na homa kule, nani atamgongea mlango?" Asubuhi hilo, jioni hilo. "Nenda kaangalie kwa macho yako. Ukimkuta ana watu, mwache. Kama hana, mshike mkono mje zenu."

"Haya bibie." Nkatia sandukuni dele la kumiminia kahawa, finjani, buni, iliki, tende, na haluwa ya Nizwa ya kutosha kuizamisha ndege.

Basi kwenye feri nkatoa salamu kwa sauti, kama mtu anavyoingia sabla, baraza letu la wanaume. Wote wakageuka kuangalia bahari. Kila mtu na benchi lake, baina ya mtu na mwenzake ungeweza kupanda mitende mitatu na falaj, mfereji wetu wa maji, ikapita katikati.

Binti kanipokea bandarini. "Shikamoo Baba!"

"Marahaba mwanangu. Hawa watu wamefiwa?"

"Hata. Kwani vipi?"

"Nimewasalimu, hakuna alofungua mdomo."

Akacheka mpaka akainama. "Ndivyo walivyo, Baba. Utawazoea."

Siku tatu nilikaa nyuma ya mlango nangoja hodi. Hodi iko wapi! Alokuja kunichungulia dirishani ni kondoo, na yule kondoo, wallahi, aliniitikia salamu vizuri kuliko feri nzima. Mke wangu kwenye simu: "Kuna mtu kabisha?" Nkamwambia bado. "Khalas, funga mizigo ya mtoto."

Binti alikuwa anasikia. Akakaa chini karibu yangu, akanambia polepole, "Baba, mie napenda hapa. Usinirudishe." Moyo ukanifanya pwaa. Lakini mama yake nilishamuahidi, na mie sikuona mtu hata mmoja wa kumuachia mwanangu.

Siku ya nne, Jumamosi, binti akanambia leo kisiwa kizima kinakwenda kupaka rangi nyumba ya mikutano. Halazimishwi mtu, halipwi mtu, kila mtu anakuja na brashi yake. Yeye alikuwa na zamu kliniki mpaka alasiri. Nkasema, ah, hii kazi naijua! Ndio kama sisi kijijini kwetu Al Qabil tunavyotoka wote kusafisha falaj. Nkabeba dele langu, finjani, buni na haluwa, nkenda.

Nimekuta watu kama arubaini, wanapaka kimya. Mkuu wa baladiya mwenyewe, mwanamke mrefu kama mnara, yuko juu ya ngazi na viatu vya mpira. Chakula kila mtu kaja na mkate wake kwenye karatasi, anakula kaupa mgongo ulimwengu. Mie sikustahamili. Nkaingia jikoni mle ndani, nkachemsha kahawa, nkatoka na dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia.

Nkaanza na mkuu. Akanywa, akanirejeshea finjani. Nkamimina tena. Akanywa, akarejesha. Nkamimina. Sasa kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua: ukishatosheka unaitikisa finjani, basi mwenyeji anakuacha. Hujatikisa, unataka, na mwenyeji akiacha kumimina kajitia aibu. Yule mama hatikisi! Nkasema maskini, huyu ana kiu ya kahawa tangu zama za Nabii Nuhu. Kafika finjani ya kumi na nne ndipo akakimbilia ngazi. Nkahamia kwa wa pili. Hatikisi. Wa tatu, mzee mmoja mvuvi, ndevu zake ungefuma zulia. Naye hatikisi! Nimechemsha mara tano, mkono umekufa ganzi, nasema kisiwa hichi kinaweza kunywa buni yote ya Yaman.

Kumbe na wao wanaona haya kumkatalia mzee mgeni.

Basi ile kahawa ikapanda. Brashi zikaanza kuruka. Nyumba ya mikutano ikesha, wakapaka uzio wa skuli. Ukesha, wakapaka gati. Kondoo mmoja alipita karibu akatoka na ubavu mwekundu. Yule mvuvi alikuwa anapaka kwa mikono miwili, miguu inatetemeka kama cherehani.

Alasiri binti akaja, akasimama kashika kiuno. "Baba! Umewafanya nini watu?"

"Mie nimewafanya nini? Hawatikisi finjani!"

"Nani kawafundisha kutikisa, Baba?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nikasema basi tena, nimemharibia mwanangu na hao watu wachache aliokuwa nao. Binti akawaeleza kwa lugha yao. Mara yule mvuvi akaja mbele yangu, akachukua finjani tupu, akaitikisa mbele ya pua yangu kama kengele. Kisiwa kizima kikaangua kicheko. Mkuu wa baladiya kakaa chini kwenye majani anajifuta machozi. Wakaizunguka haluwa, wakasogeleana bega kwa bega, ndimi zikafunguka.

Mvuvi akawa anasema na mie, binti anatafsiri, mara binti akaacha kutafsiri, akaangalia chini.

"Kasema nini?"

"Anasema nilipougua homa wakati wa theluji, alinisikia kutoka mlangoni naililia hii kahawa yetu, sijui nilikuwa naweweseka..."

"Uliugua? Mama yako anajua?"

"Hapana, Baba."

"Nani alikuja kukugongea mlango?"

Akamuuliza mzee. Mzee akashangaa. Mgonjwa anagongewaje mlango, si utamuamsha? Wao wanaangalia pazia. Lake lilikuwa halijafunguka asubuhi, basi mvuvi kampigia daktari, kasafisha theluji mlangoni, na kila siku kwa wiki nzima kamtundikia supu ya samaki kwenye kitasa, akenda zake. Mkuu wa baladiya alikuwa anamletea kuni.

Nkampigia mke wangu hapohapo, nkamuhadithia, na ile homa sikuificha. Alilia kidogo, akanitukana kidogo. Halafu akasema, "Mwache mtoto wangu hapo. Lakini mie lazima nende nikawashukuru watu hao kwa mdomo wangu."

Kaondoka mwezi wa tano, kasema wiki mbili. Leo miezi mitatu hajarudi. Nilitumwa nikarudishe mmoja, nimewapoteza wawili, na mie niko hapa Ibra naunguza wali wangu mwenyewe. Jana kanitumia picha: yuko juu ya ngazi, na brashi, anawaamrisha.