Shetani Hana Leseni ya Lori

Juzi mtaani Shimanzi, nikiwa nangoja chai, lori lilirudi nyuma likaangusha kibanda cha mama muuza chai. Dereva akashuka, Biblia ingali mbele ya usukani. Mwenzake wa kanisani, aliyekuwa naye ndani ya lori, akamnong'oneza, "Ndugu, wewe umeokoka, uko huru. Sema ni shetani, twende zetu."

Dereva akavua kofia, akajigusa kifua. "Shetani hana leseni ya lori. Mama, niwie radhi, ni mimi. Sikutazama kioo. Zamani ningetoroka, sasa niko huru, nabaki."

Akaomba nyundo. Kufikia adhuhuri kibanda kimesimama imara kuliko awali, mama anammiminia chai, nasi twashangilia. Nadhani hata shetani, anayesingiziwa kila ajali mjini humu, alishusha pumzi.