Mlio wa Pili

Mwalimu mwenzangu, aliyenitangulia katika kazi ya kuanzisha mbio za skuli, aliniachia bastola pamoja na maneno mengi kuliko nilivyotaka kusikia. Bastola yenyewe haikuwa ya kuua mtu. Ilipiga baruti tupu, mlio na moshi, basi. Mdomoni ilikatwa hesi, kama za shingo ya chupa, ili anayetaka afunge kifaa kingine. Sisi kifaa hicho hatukuwa nacho. Tulikuwa na pete ndogo ya chuma tu, inayozungushwa juu ya hesi zisije zikagongwa zikaharibika. Na pete hiyo, kila bastola ikilia, ilitikisika na kulegea kidogo.

Yeye alikuwa na namna yake. Alizifuta hesi kwa kitambaa chenye spiriti mpaka zikauka, akavisha pete nyembamba ya mpira, ndipo akakaza ile ya chuma kwa vidole. Kisha akachora mstari mdogo kwa rangi ya kucha ya mkewe, kutoka kwenye pete mpaka kwenye bastola, ili mstari ukikatika ajue pete imezunguka. Kila baada ya mbio mbili aliitoa baruti, akaigusa pete kuona kama imelegea. Sisi walimu wengine tulikuwa tukimcheka. Mimi ndiye niliyesema kwamba anaibembeleza kama mtoto wa kwanza.

Alipostaafu nikaichukua kazi. Asubuhi ya mashindano ya kuchagua wakimbiaji wa kwenda Bara, nilikaa barazani kwangu, Mji Mkongwe, nikaisafisha. Ule mpira ulikuwa umekauka, ukanikatikia mkononi. Duka lenye mpira mwengine halikuwa mbali, lakini nilikuwa nimechelewa. Nikaona mafuta yatafaa badala yake. Nikazipaka hesi mafuta ya cherehani, nikakaza pete. Ilizunguka laini, vizuri sana. Laiti ningeweza kusema sikujua kwamba ulaini ule ndio ubaya wenyewe. Nilishaambiwa.

Mbio za wasichana za mita mia nne zilikuwa za tano siku ile. Mstari wa pili alisimama msichana wa Kiwengwa, mtoto wa mkulima wa mwani, miguu mitupu. Wawili wa mwanzo ndio watakaochaguliwa, na sisi walimu tulishaona katika mazoezi kwamba mmoja wao atakuwa yeye.

Nikapiga. Pete ikachomoka, ikaangukia majanini mbele yangu. Nikashtuka, na kidole kikabana tena. Kwetu mlio wa pili maana yake wakimbiaji warudi. Yule msichana alikuwa keshawaacha wenzake, na alikwenda hatua nyingi kabla hajaelewa kwamba anaitwa.

Msimamizi akaja kuniuliza kumetokea nini. Jibu la kweli nilikuwa nalo, tena fupi, na lisingenidhuru sana.

Nikasema, "Wa mstari wa pili katangulia kabla ya mlio."

Nilimtaja yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele. Uongo juu yake ungeaminika.

Akaonywa kwamba akirudia atatolewa. Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mwalimu." Nilipopiga tena aliganda pale mstarini mpaka wenzake wakaondoka, ndipo akakimbia. Akawa wa tatu.

Yule mstaafu alikuwa amekuja kutazama. Watu walipoanza kutawanyika alinijia, akanifungulia kiganja, pete imo. Nilingoja anilaumu kwa mafuta. Hakuyataja.

"Hakutangulia mtu," alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Nenda ukawaambie kabla majina hayajaandikwa."

Nikamwambia nakwenda. Meza ya wasimamizi haikuwa mbali. Nilifika karibu, nikawakuta wanacheka, wanakunywa soda, na mmoja wao akaniita nami nikanywe. Nikakaa, nikanywa. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake majina yalikuwa yameshapelekwa.

Mwenzangu hakuniuliza tena, wala hakuja tena kutazama mbio. Tukikutana Darajani alijibu salamu yangu, akapita zake.

Mwaka jana alifariki. Nilikaa na wanawake wengine ndani, tukimliwaza mkewe, na mama wa watu akanishika mkono akanishukuru, akasema mumewe alikuwa akinitaja mara kwa mara. Sikuthubutu kumuuliza alinitaja kwa lipi. Wiki iliyofuata nikaenda Kiwengwa.

Yule msichana sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimkuta uani anaanika mwani na mama yake. Alinitambua mara moja, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami nikaitikia marahaba. Nilimvuta pembeni, nikamweleza yote: mpira, mafuta, kidole changu, na neno nililolisema.

Kisha akasema, "Mimi miaka yote hii nawaambia watu kuwa nilitangulia. Nikilala nilikuwa najaribu kukumbuka ni mguu gani uliotoka mwanzo."

Akanieleza kwamba aliacha kukimbia mwaka uleule. Hakukatazwa na mtu. Kila alipoinama mstarini alikuwa hayaamini tena masikio yake.

Akamwita mama yake, akaniomba niyarejee yaleyale. Nikayarejea. Mama alikuwa ameshika fungu la mwani, akalitua taratibu.

"Siku ile nilimsema sana," alisema. "Nilimwambia pupa yake ndiyo iliyomponza. Akalia mpaka akashindwa kula."

Akaingia ndani. Tulimsikia anasogeza vyungu, anavirudisha palepale. Nikataka kumfuata, nimwombe radhi peke yake, lakini binti yake alisimama mbele ya mlango.

"Mimi nshakusamehe, mwalimu," alisema. "Mama mwache."